Skani Imetoka Vibaya: Kosa Liko Kiooni, Kwenye Faili au Njiani?

Kabla ya kuskani upya kwa dpi kubwa zaidi (dpi ni idadi ya nukta, yaani pikseli, kwa kila inchi), tafuta kwanza picha iliharibikia wapi. Mahali ni patatu tu: kwenye kioo cha skana (au kamera ya simu), wakati wa kuhifadhi faili, na njiani faili linapotumwa. Fomati (aina ya faili, kama JPEG, PNG au TIFF) inahusika na hapo pa pili peke yake, lakini ndiyo inayolaumiwa kwa yote.

Jaribio lenyewe ni la dakika tano. Fungua faili kwenye kompyuta ile ile iliyoskani, likuze hadi asilimia 100, kisha linganisha na lile alilopokea mwenzako. La kwanza likiwa safi na la pili bovu, kosa ni la njiani, na kuskani tena ni kupoteza umeme. La kwanza likiwa tayari bovu, skani ukurasa ule ule uuhifadhi kama TIFF isiyobanwa, faili linalotunza kila pikseli kama ilivyo. TIFF ikitoka safi, mkosaji ni fomati uliyokuwa unatumia au kiwango chake cha ubora. TIFF nayo ikiwa mbovu, tatizo liko kwenye mipangilio ya skana, na hakuna fomati itakayoliponya.

Weka hiyo TIFF. Tutaiita faili mama: nakala moja isiyoguswa, ambayo mafaili yote ya kutuma, kuchapa na kupakia yanazaliwa kwake.

Herufi zimezungukwa na vumbi

Kuza neno moja hadi asilimia 400. Ukiona vijitone vya kijivu vimetawanyika kuzunguka kila herufi, kama vumbi la murram linaloifuata bodaboda, na vumbi lenyewe linakatika ghafla kana kwamba limegonga ukuta, unaangalia JPEG. Fomati hii hugawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiraba hukieleza kwa jumla ya mawimbi. Shavu la mtoto au anga la Entebbe linaelezeka kwa mawimbi machache ya polepole. Ukingo wa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe unahitaji mawimbi mengi ya haraka, na hayo ndiyo JPEG huyatupa kwanza ili faili liwe dogo. Yakitupwa, yaliyobaki yanatetemeka ndani ya kiraba chote, ila hayavuki mpaka wa kiraba. Ukuta unaouona ndio huo mpaka.

Wino wa rangi huumia zaidi. JPEG nyingi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi mara moja tu kwa kila pikseli nne. Mstari mwekundu mwembamba wa kalamu ya mwalimu hugeuka kuwa rangi ya matope.

Kwa ukurasa wa maandishi meusi matupu, usitumie JPEG kabisa. Skani kwa dpi 300 katika nyeusi-na-nyeupe, uhifadhi kama PDF au TIFF yenye mbano wa Group 4, ule uliotengenezewa faksi. Mbano huo haupotezi hata pikseli moja, na ukurasa wa barua ya kawaida hushuka hadi makumi ya KB. Kwa ukurasa mmoja wenye kijivu au rangi chache, PNG inafaa. Ukilazimika kutumia JPEG kwa sababu mfumo haupokei kingine, weka ubora 85 au zaidi, na katika GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha) chagua 4:4:4 kwenye orodha ya "Subsampling" ili rangi isipunguzwe.

Kosa linalofanyika sana ni kuichukua JPEG yenye vumbi na kuigeuza PNG ili "isafike". PNG hutunza inachopewa. Itayatunza yale mavumbi kwa uaminifu mkubwa, na faili litakua mara kadhaa.

Na tuondoe hofu moja: kuifungua JPEG mara elfu au kuinakili kwenye flashi hakuichakazi. Kinachoichakaza ni kuihifadhi upya baada ya kuihariri, maana viraba vinakokotolewa tena kutoka kwenye picha iliyokwisha kupungua. Kama unataka kuizungusha tu, tumia programu ndogo iitwayo jpegtran, au amri ya kuzungusha bila hasara iliyomo katika IrfanView, programu ya kutazama picha. Hizo hupanga upya viraba vilivyopo bila kuvikokotoa.

Muhuri wa LC1 haupo, saini ipo

Hili ndilo linalorudisha watu kaunta mara nyingi kuliko yote. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji nchini Uganda) ina maandishi meusi ya printa, saini ya kalamu ya buluu, na muhuri wa zambarau uliopigwa kwa pedi inayokaribia kukauka. Kwenye karatasi vyote vinaonekana. Kwenye skani, maandishi na saini vimebaki, na muhuri umegeuka kuwa vipande viwili vya duara.

Sababu ni kizingiti. Katika nyeusi-na-nyeupe, skana hupima mwangaza wa kila pikseli kati ya 0 (nyeusi) na 255 (nyeupe), kisha huuliza swali moja: iko juu au chini ya kizingiti? Mara nyingi kizingiti ni 128. Tuseme wino wa printa unasoma 40 na kalamu 95. Vyote vinakuwa vyeusi. Muhuri uliofifia ukisoma 165, unahesabiwa kuwa karatasi. Haukufifia zaidi, umefutwa, na hakuna programu itakayourudisha kwa sababu haumo kwenye faili. Kuibadilisha PDF kuwa JPEG hakusaidii. TIFF pia haisaidii.

Skani upya kwa rangi. Usichukue njia ya mkato ya kupandisha kizingiti hadi 190, kwa sababu utaupata muhuri pamoja na kila kunjo, doa la chai na maandishi ya upande wa pili. Kijivu kinatosha kwa kusoma, lakini ofisi nyingi zinataka kuona kwamba muhuri ni wa wino na si fotokopi, na rangi ndiyo inayoonyesha hilo. Kwa kifupi, hati yoyote yenye muhuri, saini ya wino, alama ya maji au mapambo ya rangi nyuma ya maandishi, kama vyeti vya shule, usiiskani kwa nyeusi-na-nyeupe.

Kuna skana ambazo hata katika kijivu humulika kwa taa ya rangi moja tu. Wino wenye rangi inayokaribia ile ya taa hupauka. Muhuri ukipotea katika kijivu, skani kwa rangi kwanza, kisha geuza kuwa kijivu ndani ya programu.

Tarakimu imebadilika

Ni ajali ya nadra, lakini ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ukurasa unaonekana safi. Mashine kubwa za ofisini zinazofanya fotokopi na kuskani hadi PDF zinaweza kutumia mbano uitwao JBIG2. Mbano huu hukusanya maumbo yanayofanana ukurasani, huhifadhi umbo moja, kisha hulibandika kila mahali lilipoonekana. Katika hali yake isiyopoteza hakuna neno. Katika hali inayopoteza, umbo "linalokaribia kufanana" huhesabiwa ni lile lile, na hapo 6 iliyochapwa ndogo inaweza kubandikwa 8.

Mwaka 2013, Mjerumani David Kriesel alionyesha jambo hili kwenye mashine za Xerox WorkCentre. Katika mchoro wa nyumba, vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikisema 14.13. Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha. Lakini mbano wenyewe bado unatumika katika mashine na programu nyingi, na fikiria umeskani hati ya ardhi ya mailo (mfumo wa umiliki wa ardhi nchini Uganda) yenye namba za Block na Plot na eneo kwa hekta hadi nafasi nne za desimali.

Kulitambua: katika PDF, kuza hadi asilimia 800 na utazame tarakimu tatu au nne za aina moja. Zikiwa zinafanana pikseli kwa pikseli, hadi kasoro ya wino, umbo moja limebandikwa mara nyingi. Wino halisi haurudii kasoro yake. Ukiwa na Poppler, zana za kuchunguza PDF kwa kuandika amri, andika

pdfimages -list hati.pdf

kisha tazama safu ya "enc". Ikisema ccitt, huo ni mbano wa faksi kama Group 4, na uko salama. Ikisema jpeg, unaweza kuwa na vumbi lakini si tarakimu ngeni. Ikisema jbig2, orodha haitakwambia kama ni hali inayopoteza au isiyopoteza, kwa hiyo rudi kwenye karatasi ulinganishe. Kwa hati za ardhi, matokeo ya mitihani na hesabu za benki, weka mashine kwenye ubora wa juu kabisa wa faili, au skani kwa kijivu.

Mfumo unasema faili ni kubwa mno

Fanya hesabu kabla ya kubana ovyo. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Hizo ni pikseli 8,699,840. Kwa rangi, kila pikseli hula baiti tatu, jumla MB 26. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi-na-nyeupe ni MB 1.1, na hiyo ni kabla ya kubanwa. Ukipanda hadi dpi 600, kila namba inazidishwa kwa nne: rangi inafika MB 104 kwa ukurasa mmoja. Kwa cheti cha kutuma mtandaoni hizo ni bando zako zinaungua bure.

Tuseme kikomo ni MB 1 na hati ina muhuri wa rangi. Anza na faili mama, ufuate mpangilio huu:

1. Kata kingo. Kivuli cheusi cha kifuniko cha skana na meza iliyoonekana pembeni hula nafasi bila faida.
2. Shusha hadi dpi 200, yaani pikseli 1,654 kwa 2,339.
3. Hifadhi kama JPEG ya ubora 70. Ukurasa wa kawaida mara nyingi utaangukia chini ya MB 1.
4. Bado ni kubwa? Ubora 60. Baada ya hapo, dpi 150. Usishuke zaidi.

Mpaka wa dpi 150 una sababu. Herufi ndogo kama "e" katika maandishi ya pointi 10 ina kimo cha pointi tano hivi. Kwa dpi 300 hiyo ni pikseli 21 kwenda juu; kwa dpi 150 ni 10. Ndani ya pikseli 10 lazima itoshe mistari mitatu ya mlalo ya "e" na nafasi mbili kati yake. Kwa dpi 72, kimo ni pikseli tano: mstari, nafasi, mstari, nafasi, mstari, na kila ukungu mdogo unaigeuza "e" kuwa "c" au "o". Programu za kusoma maandishi hushindwa kabla ya jicho kushindwa. Hizo zipe dpi 300.

Shusha dpi kwanza, ubora baadaye. JPEG ya dpi 200 kwa ubora 70 inasomeka vizuri kuliko ya dpi 300 kwa ubora 25, hata zikilingana uzito.

Kwa PDF kumbuka kwamba PDF ni bahasha. Uzito unatokana na picha zilizomo. Ghostscript, programu ya PDF inayotumiwa kwa kuandika amri, huzifungua na kuzibana upya:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

/ebook hulenga dpi 150, /printer hulenga 300, na /screen hulenga 72, ambayo tumeshaona inafanya nini kwa "e". Kama JPEG zako tayari ni nzuri na unataka tu kuzitia katika bahasha moja, usitumie Ghostscript. Programu ndogo iitwayo img2pdf huziweka kama zilivyo bila kuzigusa.

Na ule mtindo wa kubandika skani ndani ya Word, kuivuta kingo zake hadi ijae ukurasa, kisha kuhifadhi kama PDF? Word kwa kawaida hupunguza picha hadi pikseli 220 kwa inchi na kuibana upya wakati wa kuhifadhi, na ukiivuta kwa upande mmoja tu muhuri wa duara unakuwa yai. Wapo maofisa wanaoikataa hati kwa sababu ya yai hilo, na si rahisi kuwalaumu.

"Fomati haikubaliki", na jina linaishia .jpg

Jina halibadilishi kilichomo. Picha ya iPhone yenye .heic ikipewa jina jipya la .jpg bado ni HEIC, kama vile debe la mafuta ya taa halibadiliki kwa kuandikwa "maji". Simu yako itaifungua kwa sababu inasoma kilichomo. Mfumo wa maombi utaikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ulifungue kwa Notepad, utazame mstari wa kwanza tu. Mengi ni takataka, lakini mwanzoni kuna alama. Ukiona JFIF au Exif, ni JPEG kweli. Ukiona PNG, ni PNG. RIFF ikifuatwa na WEBP ni WebP, fomati ya Google ya mwaka 2010 ambayo tovuti nyingi hukupa unapohifadhi picha. ftyp ikifuatwa na heic ni ya iPhone. II* au MM ni TIFF. %PDF inajieleza. Funga bila kuhifadhi. Ukihifadhi kutoka Notepad umeliua faili.

HEIC zilizopo, zigeuze kwa programu. GIMP na IrfanView yenye viongezi vyake zinaweza. Kwa picha zijazo, katika iPhone nenda Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible. Simu itapiga JPEG moja kwa moja. Nafasi itajaa haraka zaidi, karibu mara mbili.

Sababu nyingine ya kukataliwa, au ya picha kupokelewa na kuonekana yenye rangi za ajabu, ni JPEG ya CMYK. Hii hutoka kwa wachapaji. Ukimwomba fundi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, akupe faili la picha aliyokuchapia, anaweza kukupa lenye rangi nne za wino, na fomu za mtandaoni zinatarajia RGB, yaani rangi tatu za skrini. Lifungue kwenye programu ya picha, ligeuze kuwa sRGB (RGB ya kawaida), hifadhi upya.

Ilikuwa safi hadi ilipopita WhatsApp

Ukituma kama picha, WhatsApp huipunguza hadi takriban pikseli 1,600 kwa upande mrefu na kuibana upya. Ukurasa wako wa A4 wenye pikseli 3,508 umeshuka hadi dpi 137 hivi, chini ya mpaka wetu, na ubora umeshuka pia. Chaguo la HD hupunguza maumivu lakini bado hubana. Tuma kama Document: gusa alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha faili. Hapo halibadilishwi chochote. Tuma PDF na hutajali, maana PDF haina njia nyingine ya kwenda.

Mpokeaji akiikata picha aliyoipokea, akaihifadhi, akaituma kwa wa tatu, imeshabanwa mara tatu. Mwombe yule wa kwanza mwenye faili mama.

Njiani hapo pia hupotea tarehe ya kupigwa picha na taarifa nyingine zilizofichwa ndani ya faili. Kwa picha ya familia hiyo ni hasara. Kwa picha iliyobeba mahali unapoishi, pengine ni afadhali.

Ulipiga kwa simu na maandishi hayasomeki

Kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4,000 kwa 3,000. A4 ikijaza fremu nzima, unapata karibu dpi 340, sawa na skana nzuri. Ikijaza nusu ya urefu wa fremu, unapata 170. Kwa hiyo sogea, usikuze kwa vidole. Weka hati barazani kwenye kivuli, karibu na mwanga wa mchana lakini si juani, na usiwashe flashi ya simu, hasa kwa cheti kilichopigwa laminesheni: mng'ao mweupe katikati ya jina hauna dawa. Skana ya mezani haina shida kubwa na laminesheni isipokuwa imejikunja.

Nyuso zimekuwa giza, kanzu imekuwa karatasi

Picha za zamani zina sheria zake, na hapa watu huharibu vitu visivyopatikana tena. Chukua picha ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba) ya miaka ya 1980: wanaume wamevaa kanzu nyeupe, akina mama magauni ya gomesi yenye kung'aa, na jua limetoka juu. Skana ikiachwa kwenye marekebisho ya moja kwa moja, hutafuta pikseli nyeupe kuliko zote na nyeusi kuliko zote, kisha huvuta picha hadi zifike 255 na 0, na kwa kawaida hukata kidogo pande zote mbili ili picha "ipendeze". Kinachokatwa upande wa juu ni mikunjo ya kanzu. Upande wa chini ni macho, nywele na kivuli cha shavu kwenye nyuso nyeusi. Skana haijui kwamba uso ndio picha.

Baada ya hapo faili huhifadhiwa kama JPEG, na mwenye picha anajaribu kuangaza nyuso kwenye kompyuta. Zinaangaza, lakini mashavu yanajaa viraba. JPEG katika sehemu za giza huacha tofauti ndogo ndogo ambazo jicho lisingeziona gizani. Ukizikuza mara tatu, ndipo unapoona kwamba kiraba kizima kilikuwa na thamani moja. Hata bila JPEG, picha ya biti 8 ina hatua 256 tu kwa kila rangi. Uso uliokaa kati ya 10 na 40 una hatua thelathini za kuchezea. Kwa biti 16, kila hatua hiyo imegawanywa tena mara 256.

Kwa hiyo: zima marekebisho ya moja kwa moja, zima "kunoa" na "kuondoa vumbi". Skani kwa biti 48 (ndiyo 16 kwa kila rangi), dpi 600, uhifadhi TIFF. Skani ya kwanza itaonekana imepauka na bila mvuto, ndivyo inavyotakiwa. Tazama grafu ya mwangaza: kilima kisigonge ukuta wa kushoto wala wa kulia. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakuwa pikseli 2,362 kwa 3,543 na uzito wa MB 50. Albamu ya picha mia ni GB 5, inatosha kwenye flashi ya GB 8. Kwa picha iliyochapwa kwenye karatasi, dpi 1,200 huongeza tu chembechembe za karatasi. Filamu ni habari nyingine: kipande cha milimita 24 kwa 36 kinastahili dpi 2,400 hadi 4,000.

Ukibana TIFF ya biti 16, chagua ZIP. LZW juu ya biti 16 mara nyingine hutoa faili kubwa kuliko lisilobanwa, kwa sababu chembe za picha hazijirudii na LZW inaishi kwa marudio.

Rekebisha nyuso kwenye nakala, kisha zaa JPEG ya ubora 90 katika sRGB kwa ajili ya simu za ndugu. Ukiisahau sRGB na faili likabaki katika Adobe RGB, programu zisizosoma taarifa za rangi zitaonyesha gomesi nyekundu kama imefuliwa mara mia. Usitumie GIF kwa picha: rangi zake ni 256 tu, na anga litatoka kama ngazi.

Mawimbi juu ya picha ya gazeti

Picha ya gazetini ni vitone vya wino vilivyopangwa kwa mistari. Pikseli za skana nazo zimepangwa kwa mistari. Mipangilio miwili ikikaribiana bila kulingana, hutokea mawimbi. Skani kwa dpi 600, tia ukungu kidogo wa pikseli moja au mbili, kisha shusha hadi 300. Kitufe cha "Descreen" cha skana hufanya kazi hiyo hiyo. Maandishi ya upande wa pili yakijitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Kifuniko cheupe ndicho kinachorudisha mwanga.

Madogo madogo

Saini iliyokuwa haina mandharinyuma imetokea kwenye kisanduku cheusi: ilikuwa PNG ikageuzwa JPEG, na JPEG haijui uwazi. Rudi kwenye ile PNG ya awali, au ijaze nyeupe kabla ya kuigeuza.

Picha imesimama kwenye simu, imelala kwenye kompyuta: simu haikuizungusha, iliandika tu maelekezo ndani ya faili kwamba izungushwe, na programu ya pili haikuyasoma. Izungushe kwa jpegtran.

TIFF ya kurasa kumi inaonyesha wa kwanza tu, au kivinjari kinaipakua badala ya kuionyesha: kurasa zimo zote. Programu nyingi za picha hazitazami ya pili, na Chrome na Firefox hazionyeshi TIFF kabisa. Igeuze PDF kabla ya kumtumia mtu.

Nusu ya chini ni kijivu

Faili limekatika. JPEG husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo baiti zilizofika zinaonekana na zisizofika zinakuwa kijivu. Umeme ulikatika wakati wa kunakili, flashi ilichomolewa mapema, au bando liliisha katikati. Linganisha ukubwa na wa faili la asili. Likiwa dogo, nakili upya na suala limekwisha. Likiwa sawa kwa ukubwa lakini bado bovu, huenda flashi yenyewe inakufa.

Ili usigundue hili baada ya kuondoka kaunta, piga alama ya faili pande zote mbili. Katika Windows:

certutil -hashfile hati.tif SHA256

Fanya hivyo kwa faili la kwenye kompyuta na kwa lile la kwenye flashi. Mstari mrefu wa herufi na tarakimu ukitofautiana hata kwa moja, nakala si sawa. Ukilingana wote, bofya "Eject", subiri ujumbe utokee, ndipo uchomoe.